Kabla ya Kuongeza Mzigo, Ongeza Breki

Somo kwa vikundi: namna ya kuigeuza baiskeli ya chuma ya bei nafuu ifanye kazi nyingi



Ninapotembelea vijiji, katika maboma mengi naikuta ile baiskeli nyeusi ya chuma tunayoiita Black Mamba. Mara nyingine inafanya kazi. Mara nyingine imeegemezwa nyuma ya ghala, tairi limekwisha na kuku wanalala juu ya keria. Ukiuliza, unaambiwa, "Hiyo ni ya zamani. Tunangoja pesa tununue pikipiki."

Mimi sina ubaya na pikipiki. Lakini pikipiki inadai petroli kila siku, na baiskeli inatumia ule ugali ambao ungeula tu hata hivyo. Kwa hiyo, kabla kikundi hakijakopa, hebu tuangalie kwanza ile iliyo nyuma ya ghala.

Shabaha ya somo hili ni kwamba, mkimaliza, kikundi kiweze:
(a) kukagua baiskeli ya chuma na kujua kama inafaa kutengenezwa;
(b) kupanga matengenezo kwa utaratibu mzuri, la muhimu kwanza;
(c) kuamua pamoja nani ataitumia na pesa za kuitunza zitatoka wapi.

Muda: mikutano miwili. Vifaa: baiskeli moja, kamba ya mita 4, chaki, tepu ya kupimia, spana, na mitungi miwili ya lita 20.

1. KISA CHA KUANZIA (kisomwe kwa sauti)

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi na kikundi kimoja katika sehemu za vilima. Pampu ya maji ilikuwa juu karibu na shule, na nyumba nyingi zilikuwa chini bondeni. Wanachama walichanga, wakanunua baiskeli moja iliyotumika. Kijana mmoja wa kikundi akapewa kazi ya kuwateremshia akina mama maji.

Mimi mwenyewe ndiye niliyechora keria mpya. Niliichora iwe ya kubeba mitungi mitatu, kwa maana nilihesabu kwamba safari zitapungua. Fundi wa jua kali akaichomelea vizuri sana. Siku ya kuizindua tulipiga makofi.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha kidogo asubuhi. Kijana alishuka na mitungi mitatu, akakaza breki, baiskeli haikusimama. Aligonga ukingo wa kalvati, akavunjika mkono. Mitungi ikapasuka yote.

Kwenye mkutano watu walianza kumlaumu. Ati alikuwa anacheza. Ati vijana wa siku hizi wanapenda mbio. Mzee mmoja akasema baiskeli iuzwe. Basi kulikuwa na mama mmoja wa makamo, ambaye hajawahi kupanda baiskeli maisha yake yote. Alinyoosha mkono akauliza, "Pesa za keria tulichanga. Pesa za breki tulichanga lini?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilitazama chini, kwa sababu swali hilo lilikuwa langu kuliko la mtu mwingine yeyote. Tuliongeza mzigo, hatukuongeza kitu cha kuusimamisha. Tena aliyeubeba mzigo huo hakuwa mimi niliyeuchora. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Somimeni hapa. Kabla ya kuendelea, mjadiliane: Je, kuna kitu katika kikundi chetu ambacho tumekiongezea mzigo bila kukiongezea nguvu?

2. KWA NINI BAISKELI YA CHUMA?

Mtindo wa Black Mamba ulitoka Uingereza tangu zamani: fremu ndefu, magurudumu makubwa ya inchi 28, usukani ulioinuka, breki za vyuma virefu badala ya waya. Siku hizi nyingi zinatoka India na China. Ni nzito, karibu kilo 20, na wengine wanaidharau kwa hilo. Lakini ina sifa tatu ambazo baiskeli nyingi za kupendeza macho hazina.

Kwanza, chuma kinatengenezeka hapa hapa. Kikipinda kinaweza kunyooshwa. Kikipasuka kinaweza kuchomelewa. Fremu ya aluminiamu ikivunjika, mafundi wetu wengi hawana mashine ya kuichomelea inavyotakiwa.

Pili, mara nyingi chuma hukuonya mapema. Utaona rangi imepasuka, kutu imejitokeza kama mstari mwembamba, au utasikia mlio, kabla fremu haijakatika.

Tatu, vipuri vyake vinapatikana katika masoko mengi, na mafundi wanavijua.

Tena kuibadilisha baiskeli hii si jambo la kigeni kwetu. Huko Busia, tangu miaka ya 1960, vijana walianza kubeba watu na mizigo yao kutoka mpaka wa Kenya hadi mpaka wa Uganda. Jina "boda boda" lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli zao zilikuwa hizi hizi, na wao waliziwekea mto juu ya keria na mahali pa abiria kuweka miguu. Kwa hiyo hatuanzi kitu kipya. Tunataka tu kukifanya kwa mpango.

3. ANDIKENI KAZI KWANZA, SPANA BAADAYE

Kosa la vikundi vingi ni kuanza na fundi. Anzeni na karatasi. Kila mwanachama ataje kazi moja anayotaka baiskeli imfanyie: maji, mahindi ya kusaga, maziwa, vifaranga vya kupeleka sokoni, mtoto wa kupeleka kliniki, mhudumu wa afya kuzunguka kijijini.

Halafu mbele ya kila kazi andikeni mambo matatu: uzito wa mzigo, njia (tambarare, mlima, matope), na nani ataendesha. Maji ni rahisi kuhesabu, kwa maana lita moja ni kilo moja. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40 pamoja na uzito wa mitungi yenyewe.

Karatasi hii ndiyo itawaambia mtengeneze nini. Kikundi cha Ahero kwenye tambarare hakihitaji matengenezo yale yale kama kikundi cha Maragoli kwenye vilima na mawe.

4. IPIMENI FREMU KWA KAMBA

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, jueni kama fremu imenyooka. Kipimo ni hiki:

Funga kamba upande wa kushoto, pale ekseli ya nyuma inaposhikwa na fremu. Ipeleke mbele, izungushe kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, uirudishe nyuma hadi pale pale upande wa kulia. Ivute ikaze. Sasa pima nafasi kati ya kamba na bomba la kiti, upande wa kushoto na upande wa kulia. Zikilingana, au zikitofautiana milimita mbili tatu tu, fremu imenyooka. Zikitofautiana sana, fremu imepinda, na mzigo utaivuta upande mmoja kila siku.

Baadaye pitisha kidole polepole kwenye kila kiungo, hasa nyuma ya shingo na chini kwenye pedali. Ukikuta ufa kwenye uma wa mbele, usichomelee. Tafuta uma mwingine. Uma wa mbele ukikatika safarini, mwendeshaji anaanguka kwa uso.

Onyo moja kwa mafundi: bomba za fremu ni nyembamba, na moto mwingi unazidhoofisha. Viungo vyake kiwandani huunganishwa kwa shaba, si kwa moto mkali wa umeme. Vitu vya kuongeza, kama keria, vifungwe kwa bolti na vibano pale inapowezekana.

5. BREKI

Sasa tumefika kwenye swali la yule mama.

Breki za Black Mamba zinasukuma vipande vya mpira kwenye upande wa ndani wa rimu. Rimu ni ya chuma iliyopakwa kromu ing'ae. Ikiwa kavu, breki inashika. Ikilowa maji, mpira unateleza juu yake, na baiskeli inakwenda mbali sana kabla ya kusimama. Hilo ndilo lililompata kijana wetu.

Ongezeni na hesabu hii. Mwendeshaji wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 20 ni kilo 80. Ukiweka mitungi mitatu, inakuwa kilo 140. Breki ile ile sasa inafanya karibu kazi maradufu. Na mwendo ndio mbaya zaidi: mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne.

Kuna njia mbili za kurekebisha.

Njia ya kwanza, ya pesa kidogo: tengenezeni breki zilizopo. Mipira ikiwa imekauka na kung'aa, nunueni mipya. Vipande viwili viguse rimu kwa pamoja na viguse sawasawa, si kwa ncha. Vyuma virefu vya breki vinyooshwe, viungo vyake vitiwe mafuta kidogo, lakini mafuta yasiguse rimu hata tone. Rimu iwe imenyooka. Wakati wa mvua mwendeshaji aguse breki mapema, mbali kabla ya mteremko, ili mpira ufute maji.

Njia ya pili, ya pesa zaidi lakini nzuri zaidi kwa vilima: habu ya nyuma yenye breki ndani, ile ya kukanyaga pedali kinyume. Breki iko ndani ya habu, mvua haiifikii. Si ajabu kwamba baiskeli ya Buffalo, inayoundwa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, ina breki ya namna hii nyuma. Waliounda baiskeli hiyo walikuwa wanafikiria barabara kama zetu.

Lakini kabla ya kulipa pesa za habu hiyo, angalieni mambo manne:
- Hesabuni matundu. Rimu nyingi za nyuma za Black Mamba zina spoki 40, na za mbele 32. Habu ya matundu 36 haitaingiana na rimu ya matundu 40. Mtabaki na vipande viwili visivyooana.
- Habu hii ina mkono mdogo wa chuma ubavuni. Lazima ufungwe kwa kibano kwenye fremu. Usipofungwa, utazunguka ukibanwa, na breki haitafanya kazi.
- Cheni ikitoka, breki hii imekwisha. Kwa hiyo breki ya mbele msiitoe kamwe.
- Katika mteremko mrefu habu inapata moto na grisi inaungua. Mwendeshaji apumzike njiani.

Na kwa njia zote mbili, kushuka na kutembea kwa miguu kwenye mteremko mkali si aibu. Kikundi kiseme hivyo wazi, ili kijana asione haya mbele ya wenzake.

6. MAGURUDUMU

Mzigo wote unakaa juu ya spoki. Spoki iliyolegea haisaidii, inawaachia wenzake kazi, nao wanakatika mmoja mmoja. (Wanavikundi mnaijua tabia hii.) Gusa kila spoki kwa kidole kama nyuzi za gita. Katika upande mmoja wa gurudumu sauti zikaribiane. Inayotoa sauti ya chini sana imelegea.

Kwa gurudumu la nyuma la kubeba mizigo, ombeni spoki nene. Namba ya geji inakwenda kinyume: geji 12 ni nene kuliko geji 14.

Kwa tairi, msinunue kwa kusema "nipe ya 28" tu. Kuna tairi za inchi 28 za aina zaidi ya moja na haziingiliani. Someni namba ndogo ubavuni mwa tairi. Black Mamba kwa kawaida ni 28 x 1½, na namba ya pili mwishoni ni 635. Ukipewa ya 622 ni ndogo, haitaingia. Njia rahisi ni kwenda dukani na tairi la zamani mkononi.

Gololi zikibadilishwa, zibadilishwe zote za upande huo kwa pamoja. Mpya zikichanganywa na zilizolika, mpya ndizo zinazobeba mzigo wote na kuharibika. Safisheni kwa mafuta ya taa, kausheni, halafu mtie grisi mpya.

Na pedali zikipiga "tok, tok" kila unapokanyaga, angalia kotapini. Usikaze nati kwa nguvu ukidhani inavuta pini ndani. Weka kipande cha mbao kigumu chini ya mkono wa pedali, gonga pini iingie, halafu ndipo ukaze nati.

7. GIA: HESABU YA KUFANYA PAMOJA

Watu wengi hudhani baiskeli isiyo na gia nyingi haiwezi kubadilishwa. Inaweza, kwa kubadilisha friwili, yaani ile gia ndogo ya nyuma.

Hesabuni meno ya gia kubwa ya mbele. Tuseme ni 44. Hesabuni ya nyuma. Tuseme ni 18. Sasa wekeni alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukumeni baiskeli hadi alama irudi chini mara moja, halafu mpime. Mtapata karibu mita 2.2.

44 gawanya kwa 18 ni 2.44. Mara 2.2 ni mita 5.4. Maana yake, kila pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inakwenda mita 5.4.

Mkiweka friwili ya meno 22: 44 gawanya kwa 22 ni 2. Mara 2.2 ni mita 4.4.

Baiskeli inakwenda mita moja pungufu kwa kila mzunguko, lakini nguvu ya kukanyaga inapungua karibu moja ya tano. Mtu aliyekuwa akishuka kusukuma mlimani sasa anapanda akiwa ameketi. Hasara ni kwenye tambarare. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, zamani ulikwenda karibu kilomita 19 kwa saa, sasa utakwenda karibu 16. Je, nani kati yetu ana haraka hiyo akiwa na kilo 40 za mahindi?

Gia ya nyuma ikiwa kubwa, cheni huenda ikawa fupi. Kutoka meno 18 hadi 22 ekseli inaweza kusogezwa mbele nusu inchi kama nafasi ipo. Isipokuwepo, cheni iongezwe inchi moja. Na kumbukeni: habu ya breki ya kukanyaga huja na gia yake yenyewe. Fanyeni hesabu hii kabla ya kuichagua.

8. KERIA YA KUBADILIKA

Baiskeli ya kikundi si ya kazi moja. Kwa hiyo keria iwe kama meza: moja ile ile, ila vinavyowekwa juu vinabadilika. Fundi atengeneze keria imara ya chuma, na vitu vingine vifungwe kwa bolti na kufunguliwa kwa spana moja:
- vizuizi viwili vya pembeni vya kushika mitungi, kimoja kila upande;
- sanduku la mbao lenye matundu, kwa vifaranga au mboga;
- mto, mahali pa kushika na mahali pa kuweka miguu, kwa abiria.

Kanuni za keria ni nne. Miguu yake ishuke hadi kwenye ekseli ya nyuma, isining'inie kwenye madigadi. Mzigo ukae chini, si juu kama mnara. Uzito uwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki njia. Na kisigino cha mwendeshaji kisiguse mtungi anapokanyaga.

Ongezeni stendi ya miguu miwili, pana. Baiskeli yenye stendi ya mguu mmoja huanguka unapoweka mtungi wa kwanza. Kwa kufungia mzigo, mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu hauna bei na unashika vizuri. Ncha zake zifungwe zisiingie kwenye spoki.

Mitungi mingapi? Kikundi kile cha vilimani sasa kinabeba miwili. Ile nafasi ya tatu niliyoichora tuliikata kwa msumeno.

9. NANI ATAPANDA?

Hapa nawaomba mzungumze kwa uwazi. Katika nyumba nyingi anayebeba maji, kuni na mahindi ni mama na binti. Anayepanda baiskeli ni baba na kijana. Tukitengeneza baiskeli nzuri kisha ikabaki hivyo, tumempunguzia mzigo nani?

Kuna sababu za kweli zinazowazuia akina mama, nazo zinatengenezeka. Kiti kiko juu mno: kishusheni, mpaka kisigino kikikaa juu ya pedali iliyo chini mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Nguo inaingia kwenye cheni: fungeni kifuniko cha cheni, hata cha bati. Bomba la juu linazuia sketi: tafuteni fremu ya akina mama, ile yenye bomba lililoshuka. Msikubali fundi akate bomba la juu la fremu ya kawaida. Bomba hilo ndilo linaloshikilia fremu, na likitoka fremu inajikunja chini ya mzigo.

Sababu nyingine ni maneno ya watu. Hiyo haina spana. Inahitaji wazee wachache wa kikundi kusema hadharani kwamba mama kuendesha baiskeli ni jambo jema, na wake zao na binti zao wawe wa kwanza kufundishwa.

10. JARIBIO KABLA YA KAZI

Chagueni njia tambarare isiyo na magari. Chora mstari kwa jivu. Mwendeshaji aje kwa mwendo wa mtu anayekimbia, akaze breki akifika kwenye mstari. Pimeni kwa hatua alipofika. Fanyeni mara tatu: bila mzigo, na mtungi mmoja, na miwili. Halafu mwagieni rimu maji na mrudie, mkianza tena bila mzigo. Andikeni majibu kwenye daftari.

Akipita umbali ambao nyote mnaona ni wa hatari, mzigo huo haukubaliwi mpaka breki zirekebishwe. Mzigo haupimwi na anayechora, unapimwa na breki.

Mwisho, kengele, taa na kioo chekundu cha nyuma viwepo kabla ya mtu yeyote kutoka jioni.

11. PESA: VIKAPU VITATU

Gawanyeni orodha yenu katika vikapu vitatu, mkiandika bei ya soko lenu:

Kikapu cha kwanza, kabla ya safari yoyote: breki, spoki zilizolegea au kukatika, tairi, kotapini, kengele.

Kikapu cha pili, mkipata nafasi: stendi ya miguu miwili, keria, friwili ya meno mengi, kifuniko cha cheni.

Kikapu cha tatu, baada ya mavuno: habu ya breki ya kukanyaga, sanduku, taa ya dainamo. Lakini kikundi cha vilimani kihamishe habu hiyo iwe mbele ya keria.

Halafu wekeni mfuko wa baiskeli. Kila anayeitumia alipe kidogo kwa safari, na mhasibu aandike. Chagueni mtu mmoja wa kuikagua kila Jumamosi. Kwenye kikundi kile, aliyechaguliwa ni yule kijana, mkono wake ulipopona. Kwanza alikataa. Yule mama aliyeuliza swali ndiye aliyemwendea nyumbani. Sijui alimwambia nini, lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na spana. Hakuna mtu anayeichukua baiskeli asubuhi kabla yeye hajakaza breki akaisukuma mbele na nyuma. Wengine wanamwona anachelewesha kazi. Yeye husema tu, "Ngoja."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kazi zipi katika kijiji chetu zinachukua muda mwingi kwa sababu ya kubeba? Nani anazifanya?
2. Katika kisa, nani alikuwa na makosa? Kwa nini watu walimlaumu kijana kwanza?
3. Katika baiskeli tuliyo nayo, ni kitu gani cha kikapu cha kwanza kinakosekana leo?
4. Ni akina mama wangapi wa kikundi wanaweza kuendesha? Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao?
5. Nani atakuwa mtu wetu wa Jumamosi, naye ana ruhusa ya kumkatalia hata mwenyekiti?

Swali la tano msiliruke. Vikundi vingi hujibu haraka sehemu ya kwanza, na kunyamaza kwenye ya pili.

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano wa pili, wanachama watatu waende kwa fundi wakiwa na karatasi ya kazi na orodha ya vikapu. Wasiende na pesa. Waende kuuliza kwanza.